Wachuka na Mlinzi wa Tanki Asiyeonekana

Wachuka alipofika kwetu Olenguruone mara ya kwanza, alishuka pikipiki akiwa na matope mpaka magotini na begi la kompyuta amelifunika kwa gunia la mbolea. Nilimwangalia kutoka juu hadi chini nikasema moyoni, haya basi, tumeletewa mtoto wa shule. Alikuwa mwembamba, anaongea polepole, na kila aliyemsalimia alimwinamia kichwa kidogo. Mimi watu wapole sana huwa nawashuku. Nikamwuliza, "Wewe ndiye fundi?" Akasema, "Ni mimi, mathe." Nikamwambia hapa hakuna mathe, niite Mama Emmy, na uoshe hivyo viatu kabla hujaingia, hapa ni mahali pa maziwa.

Jina langu ni Linah. Kazi yangu ni kupokea maziwa katika kiwanda cha kupozea cha ushirika wetu. Vyombo vya kupimia ninavyo, lakini pua yangu ndiyo hutangulia. Mkulima akiwa na ng'ombe mgonjwa namjua kabla hajashusha mtungi. Ndani tuna tanki moja kubwa la chuma, na maziwa ya vilima hivi vyote hulala humo yakingoja lori la Nakuru. Kabla ya tanki hilo tulikuwa tunawauzia mabroka kando ya barabara, na broka akiamka vibaya akasema leo siyataki, unarudi na mtungi wako nyumbani unaanza kuwagawia majirani. Emmy wangu amesoma kwa sababu ya tanki hilo. Ukipita nyumba kwa nyumba huku utaambiwa hivyo hivyo, jina la mtoto tu ndilo litabadilika.

Sasa, msimu wa mvua uliopita stima ilipotea alfajiri na hakuna aliyejua. Jenereta tunayo, lakini lazima mtu aiwashe, na mlinzi wetu hukaa kule getini, mbali na tanki. Nilipofika asubuhi nikafungua kifuniko, sikuhitaji hata kuinama. Tuliyamwaga yote nyuma ya kiwanda, yakateremka kwenye nyasi hadi mtaroni, na akina mama wakasimama pale na mitungi yao wakiangalia. Niliona uchungu ambao sijawahi kuueleza vizuri. Kampuni inayonunua ikatuma ujumbe: tanki ni letu, ninyi tumewapa mtumie. Tutamtuma mtu wetu aje ahakikishe kuna kitu kinacholinda maziwa hata kama hakuna binadamu ndani. Asiporidhika, tunang'oa tanki.

Hiyo ndiyo iliyomleta Wachuka. Mwenyekiti wetu, mzee Kipkemoi, alisikia habari zake kwa dereva mmoja wa lori. Ati kuna yadi ya malori huko Mai Mahiu ambako msichana fulani wa kutoka Bahati aliweka programu ya kulinda matanki ya dizeli, na hadi leo inafanya kazi, na walinzi wenyewe hawajui kama iko. Mzee akasema, huyo huyo, mleteni.

Alipomaliza kuosha viatu nilimwambia anionyeshe hiyo programu. Akacheka kidogo.

"Haionekani, Mama Emmy."

"Haionekani aje? Si iko kwa kompyuta?"

"Iko. Lakini haina dirisha, haina picha, haina mahali pa kubonyeza. Sisi huiita sevisi. Kompyuta ikiwaka tu, yenyewe inaamka, hata kama hakuna mtu ameketi hapo. Itasoma joto la tanki. Maziwa yakianza kupata joto, itawapigia simu wewe, mzee na mlinzi."

"Na kama hakuna mtu ameingiza neno la siri?"

"Haingoji mtu."

Mimi nimekaa na kompyuta hiyo ya ofisini miaka, naijua kama kitu kinachokaa kimya mpaka ukiguse. Kufikiria kwamba ndani yake kunaweza kuwa na kitu kiko macho wakati skrini imezima, hakuna hata mtu mlangoni, kulinifanya nishike mikono yangu. Lakini sikumwonyesha. Nilimwambia tu, tutaona.

Kisha akaniomba jambo ambalo nilidhani ni mzaha. Alinipeleka stoo, akafunga mlango, akanishikia simu yake mdomoni akasema, "Hebu sema: maziwa yanapata joto, njoo." Nikamwuliza ni ya nini. Akasema watu huku wananisikiliza mimi kuliko mtu mwingine yeyote, ameliona hilo tangu alipofika. Ah, sifa ni kitu kitamu. Nikasema kwa ile sauti ninayoitumia kwa watu wanaochelewesha foleni. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaiweka simu mfukoni. Mimi nikarudi kwa mitungi yangu nikasahau.

Aliunganisha waya kutoka kwa kipimajoto cha tanki hadi kwenye kompyuta, akaweka kijisanduku chenye laini ya simu, kisha akaanza kuiweka hiyo sevisi. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Ilikubali kuingia, lakini alipoiambia ianze kazi, mashine ilikaa, ikakaa, halafu ikaandika kwamba imengoja sevisi iitike na haijaitika. Alijaribu tena. Ikangoja tena, ikasema vile vile. Mtu mwingine angeanza kuipiga kompyuta makofi, mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo. Yeye alisoma yale maneno ya kosa kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, jinsi mtu anavyosoma somo kanisani, kisha akayasoma tena.

"Nyumbani kwangu inafanya kazi," akasema, bila hasira.

"Basi tupeleke tanki nyumbani kwako," nikamjibu.

Akacheka kweli, mara ya kwanza. Halafu akanieleza, na naomba unisamehe nikieleza vibaya. Nyumbani alikuwa akiiwasha kwa mkono wake, kwenye folda yake, na faili ya maagizo iko hapo kando yake. Lakini ikiwa sevisi, haiwashwi na mtu. Inawashwa na mashine yenyewe, na inaamkia mahali pengine, ndani kabisa kwenye folda ya mashine. Ikiamka inatafuta maagizo yake kando yake, haioni kitu, inakufa kabla haijasema jina lake. "Nilimwambia achukue maagizo mezani," akasema, "na sikumwambia ni meza ya nyumba gani." Akaandika njia nzima, kuanzia mlangoni hadi kwenye faili. Nilisimama nyuma yake nikiangalia vidole vyake na nikasahau kabisa kumtesa.

Alianza kuiweka upya. Wakati huo wingu lilikuwa limeshashuka kutoka msitu wa Mau, na wewe kama si wa huku hujui radi. Radi ya huku hupasua mti na kumuua ng'ombe aliyesimama chini yake. Kwa hiyo sisi wote tumelelewa na sheria moja: ikinguruma, chomoa. Redio, taa, pasi, chochote kilicho kwenye soketi, chomoa, na kama kuna kioo kifunike. Kiwandani mwenye kazi hiyo ni Chepkemoi, mama anayetupikia chai. Tanki haligusi, waya wake umefungwa ukutani, lakini vingine vyote hupitia kimoja kimoja. Basi mbingu iligonga mara moja tu, nikamwona Chepkemoi anaingia na lesso kichwani, anainama chini ya meza, na kabla Wachuka hajageuka, skrini ikawa nyeusi. Alikuwa ameichomoa hata kutoka kwa ile betri ya akiba inayoishikilia stima ikipotea.

"Pole, mtoto wangu," Chepkemoi akasema, na akaenda kuchomoa friji.

Nilidhani msichana atalia. Sevisi ilikuwa katikati ya kuingia, unaelewa, nusu ndani nusu nje. Badala yake aliangalia ule waya ulio chini, akamwangalia Chepkemoi akifunika kioo kidogo cha ofisini kwa kitambaa cha mkono, akaniuliza, "Hufanya hivi kila siku?"

"Kila siku ya mvua. Na huku ni mvua tu."

"Na akimaliza anarudisha?"

"Anarudisha nyaya, halafu anaenda nyumbani. Kompyuta naiwasha mimi asubuhi."

Akafungua kidaftari cha kichwani mwake, maana hakuandika popote, akasema polepole, "Basi tusimzuie. Nitaipanga mashine iwe inajiwasha stima ikirudi, na sevisi iamke nayo. Chepkemoi achomoe tu." Nimefanya kazi na mabwana wakubwa waliokuja hapa na magari ya serikali, wakatuambia tubadilishe hiki na kile. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akisema yeye ndiye atakayebadilika.

Mvua haikuisha hadi giza likaanza kuingia, na Chepkemoi alikataa kata kata kurudisha waya hata mmoja. Tukakaa stoo juu ya magunia, mimi na Wachuka, tukila viazi vya kuchemsha. Ndipo nilipomjua. Alizaliwa Bahati, katika shamba dogo ambalo babu yake alipata wakati mashamba ya wazungu yalipogawanywa. Baba yake, Hiram, alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya mama yake, Rahab. Akasema walipokuwa watoto walikuwa wakiamka wanakuta moto umewaka, ng'ombe wamekamuliwa, chai iko mezani, na sare za shule zimekauka juu ya jiko. "Tulidhani ni asubuhi tu ndivyo ilivyo," akasema. "Tulidhani chai hutokea." Hawakuwahi kumwona mama yao akiamka. Siku mama yake alilazwa hospitali Nakuru, waliamka nyumba ikiwa baridi, wakakaa kitandani wakingoja asubuhi ianze, na haikuanza.

Mama alipona, akarudi, anaishi. Lakini tangu hapo, akasema, amekuwa akipenda vitu vinavyofanya kazi bila kuonekana. Alisoma kompyuta mjini Nakuru, akaajiriwa mahali fulani kutengeneza programu nzuri nzuri za rangi, zile za kubonyeza, na hazikumkaa rohoni. Sasa amekodi chumba kimoja mtaa wa Free Area, meza yake ya kazi ndiyo meza ya jiko la gesi, na anatengeneza hizi ambazo hakuna atakayemsifu kwazo. "Zikifanya kazi vizuri, watu wananisahau," akasema, na alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria mitungi yote niliyoiosha.

Alilala kwangu. Nilimpa mursik, maziwa yetu ya kuchachusha kwenye kibuyu, akanywa yote kwa heshima na machozi yakamtoka, nikamwonea huruma nikampa maziwa ya kawaida.

Asubuhi tulimkuta mzee Kipkemoi ameshafika, amevaa koti lake la kanisani, maana ndiyo siku ambayo mtu wa kampuni angekuja. Mzee ni mrefu, mkavu, na yeye ndiye aliyetembea kijiji hadi kijiji akiwaomba watu wajiunge wakati ushirika huu ulikuwa ni maneno tu. Alimwuliza Wachuka, "Iko wapi hiyo kitu? Nataka kuiona."

Angemwambia haionekani, kama alivyoniambia mimi. Lakini huwezi kumjibu mzee hivyo, mbele ya watu, siku kama hiyo. Kompyuta yetu ina skrini mbili, moja ya mezani na nyingine inayotazama dirisha la kupokelea ili wakulima waone kilo zao. Wachuka akamfungulia kwenye ile ya pili orodha ya sevisi zote za mashine, akamwonyesha jina moja katikati ya mengine: "Mlinzi wa Tanki". Akamletea kiti. Mzee akakaa, akaweka kofia gotini, akaanza kulitazama lile jina. Hakupepesa macho.

Foleni ya maziwa ilishaanza. Mimi napima, mizani inaandika kwenye kompyuta, watu wanasukumana. Nyuma yangu nasikia Wachuka anaongea kwa sauti ya chini na kompyuta yake ndogo, aliyoiunganisha kwa waya na ile ya ofisini. Alijaribu kuiweka sevisi, ikamwambia tayari iko. Akaiambia ianze, ikasema faili yake haipatikani. Ndiyo ile ya jana, iliyokatwa katikati na radi. "Jina limeandikwa, mwenye jina hayupo," akaniambia. Kwa hiyo akaamua kulifuta lile jina aanze upya. Mashine ikasema sawa. Akaiweka mpya. Ikakataa, ikasema ile ya zamani imewekwa alama ya kufutwa.

"Si umeifuta?" nikauliza bila kugeuka.

"Nimeifuta. Imekubali kufutwa. Lakini haiondoki."

"Izime hiyo mashine, uiwashe."

"Nikizima, mizani yako itasimama."

Nikaangalia foleni. Akina mama waliotembea tangu kabla ya jua, na maziwa ambayo hayajapoa bado. Ukizima mashine hiyo tunapoteza muda, na maziwa hayangoji. Nikasema hapana, usizime. Na wakati huo huo gari jeupe likaingia getini. Bwana Ogada wa kampuni alikuwa amefika mapema.

Ogada alikuwa mtu mkubwa, mtaratibu, amevaa gambuti zake mwenyewe. Alisalimia kila mtu, akazunguka tanki, akaligonga na kidole, kisha akasema angetaka kuona huyo mlinzi akifanya kazi, na kwamba wakati wa jaribio hakuna mtu atakayegusa kompyuta. Chepkemoi akamletea chai kwenye kikombe kikubwa ili angalau mikono yake iwe na kazi. Nilimwona Wachuka akilisoma lile kosa kwa sauti, akalisoma tena, akatoka nje akasimama kwenye ua akiangalia milima. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Nilianza kuwafikiria mabroka.

Alirudi akasimama mlangoni, na macho yake hayakwenda kwenye mashine yake. Yalikwenda kwa mzee Kipkemoi, aliyekuwa bado ameketi wima, kofia gotini, akilitazama lile jina. Akaja kando yangu akaninong'oneza.

"Mama Emmy, ni lile dirisha la mzee."

"Limefanya nini?"

"Mashine haiiondoi sevisi ikiwa kuna mahali imeshikiliwa. Orodha ile ikiwa wazi inaishikilia. Nimeifuta, lakini inangoja aache kuiangalia."

Mikono yangu ilisimama kwenye mtungi. Ati kitu kimekufa na hakiwezi kuondoka kwa sababu mtu mmoja bado anakiangalia.

"Basi mwambie afunge," nikasema.

"Siwezi. Mimi ndiye niliyemkalisha pale."

Nilikasirika, kisha nikaona hata mimi siwezi. Mzee ni rika moja na baba mkwe wangu. Mimi simwondoi kitini. Ningeweza kumfokea mkulima yeyote wa vilima hivi, na nimewafokea, lakini si yeye, na si siku amevaa koti la kanisani. Tukasimama hapo kama wajinga wawili, na tanki linanguruma nyuma yetu, na Bwana Ogada anaangalia saa.

Wachuka akachukua kile kistuli kifupi tunachokalia kuosha mitungi. Akakiweka mbele ya mzee akaketi, akawa chini kuliko yeye. Alimwongelesha taratibu, nami nilisikia kila neno.

"Mzee, hilo jina unaloliangalia ni la ile ya jana iliyoharibika. Imeshakufa. Lakini haiwezi kuondoka ukiwa bado unaiangalia, na mpya haiwezi kuingia mahali pake."

Mzee hakuyatoa macho kwenye skrini.

"Na nikifunga," akasema, "nitajuaje kama mpya inafanya kazi?"

"Hutaiona, mzee. Itakuita."

Alifikiria. Niliona taya lake linafanya kazi. Halafu akanyoosha kidole, kile kidole kirefu chenye kovu la panga, akashika kipanya kwa shida, akapeleka kile kimshale polepole hadi kwenye alama ya kufunga, akabonyeza. Orodha ikapotea. Zikabaki kilo za watu tu.

Wachuka alikuwa ameshafika kwenye meza yake. Sikusikia hata akibonyeza. Niliposikia sauti yake tena alikuwa anasoma, kwa ile sauti ya kanisani: imewekwa, imeanza, inaendelea. Akafunga kompyuta yake ndogo, akaondoka mezani, akasimama ukutani mikono nyuma. Hakukuwa na kitu chochote cha kuona. Skrini ni ile ile, tanki ni lile lile. Nilitafuta kwa macho mahali ambapo kitu kimebadilika na sikupaona.

"Iko tayari," akasema.

Bwana Ogada akatazama huku na huku. "Wapi?"

Basi akafanya kitu ambacho sitakisahau. Alikwenda kwenye tanki, akachomoa kile kipimajoto chenye waya, akakitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai. Kisha akasimama hivyo, kikombe mkononi, akingoja.

Foleni nzima ilisogea dirishani. Nilimwangalia Chepkemoi, ameshika birika kifuani. Nikaomba kimoyomoyo, na siombi ovyo mimi. Hakuna kilichotokea. Bado hakuna kilichotokea. Bwana Ogada akavuta pumzi, nadhani alitaka kusema pole.

Simu ya mzee Kipkemoi ikalia ndani ya koti.

Ni kabambe ya zamani, ile simu ndogo ya vitufe, inalia kwa sauti ya kuamsha kijiji. Aliitoa, akaibonyeza, na kwa kuwa hasikii vizuri huwa anaiweka sauti juu kabisa, sote tukasikia. Ilikuwa sauti yangu. Mimi nimesimama hapo, mdomo nimeufunga, na mtungi mkononi, na sauti yangu inatoka mkononi mwa mzee: "Maziwa yanapata joto, njoo." Nikakalia mizani.

Na mzee, ambaye ananijua tangu niolewe, ambaye nilikuwa mbele yake hatua chache tu, hakuniangalia. Alisimama wima akaijibu simu kwa heshima: "Nakuja, Linah." Akavaa kofia yake, akatembea hadi kwenye tanki, akaweka kiganja juu ya chuma. "Nimefika," akasema ndani ya simu. "Niko hapa."

Ikafuata simu yangu, kwenye aproni. Ikafuata ya mlinzi kule getini, tukamwona anakuja mbio na rungu. Bwana Ogada alitoa kipimajoto kwenye chai, akakipangusa vizuri, akakirudisha. Akamwangalia Wachuka kwa muda mrefu. Akasema lori litakuja kama kawaida, na akaomba chai nyingine.

Wachuka aliondoka mchana huo kwa pikipiki ile ile, begi ndani ya gunia lile lile. Chepkemoi alimfungia viazi. Nilimwambia amsalimie mama yake. Nikamwambia tena, amsalimie sana.

Hajarudi tangu siku hiyo, kwa sababu hatujawahi kumhitaji. Watu wameshaanza kumsahau. Akina mama wa foleni wanasema tu siku hizi maziwa hayaharibiki, wanaongea kana kwamba ndivyo yalivyo.

Mvua hizi zilipoanza, jioni moja ilinguruma na Chepkemoi akachomoa kila kitu. Ilipotulia akarudisha nyaya, akafunga mlango, akaenda. Hakuna aliyeingiza neno la siri. Hakuna aliyegusa kitu. Alfajiri nilikuwa usingizini simu ikalia, nikaiweka sikioni, na sauti yangu mwenyewe ikaniambia maziwa yanapata joto, njoo. Nilikimbia na gambuti bila soksi, lesso juu ya nguo ya kulalia. Stima ilikuwa imepotea vilima vyote. Niliwasha jenereta, nikasubiri tanki lianze kunguruma, nikafungua kifuniko nikainama. Maziwa yalinukia vizuri.

Niliingia ofisini na tochi. Kompyuta ilikuwa inapumua kwa ile betri yake ya akiba, skrini bado inauliza mtu aingize jina lake, na hakuna mtu aliyekuwa ameingia. Nilisimama mbele yake hadi kukaanza kupambazuka. Kisha nikavuta kiti, kile alichokalia mzee, nikakirudisha ukutani, nikawasha moto wa chai kabla Chepkemoi hajafika.